Farasi Kwanza, Mpandaji Baadaye

Sanamu ndogo ya askari wa farasi wa Ulaya ya karne ya 15, aliyevaa deraya toka utosini hadi vidoleni, huuzwa ikiwa vipande vya madini. Kwanza alama za kalibu ziondolewe kwa tupa, kisha vipande vijaribiwe bila gundi. Nusu mbili za farasi zisipokutana sawasawa, mpandaji hatakaa tandikoni. Hapo wengi huharakisha, nami nimo.

Lakini sanamu nyingi za zamani zina madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto. Basi meza ya chakula isitumike kamwe. Vumbi lisipulizwe, lifutwe kwa kitambaa kibichi. Nawe unawe kwa sabuni kabla hujampakata mwanao.