Pampu ya Ngama: Ya Ukubwa Gani?



Katika Suratul Kahf tunasimuliwa habari za chombo cha masikini waliokuwa wakifanya kazi baharini. Chombo kile ndicho kilichokuwa riziki yao. Hapa pwani pia zipo nyumba nyingi ambazo karo ya shule na unga wa jioni hutoka katika mashua moja, na huenda akiba ya mama ndiyo iliyoinunua. Basi mama anapoombwa fedha za pampu ya kutoa maji ya ngama, ni haki yake kujua kinachonunuliwa.

Kwanza, nambari iliyoandikwa kwenye kasha sio kazi utakayoipata. Pampu ya galoni 500 za Kimarekani kwa saa, yaani takriban lita 1,900, hupimwa bila ya kuyapandisha maji popote, tena kwa umeme wa kutosha. Chomboni maji hulazimika kupanda mpirani hadi juu ya ubavu, mpira una mikunjo, na betri hupungua nguvu. Ni salama kukadiria kuwa utapata nusu tu.

Pili, jiulize pampu ni ya kazi gani. Ikiwa ni ya kutoa maji ya mawimbi na mvujo mdogo wa mbao katika dau dogo, ile ya galoni 500 yatosha. Lakini ubao ukipasuka, tundu la upana wa sentimita 2.5, lililo sentimita 30 chini ya maji, huingiza takriban lita 2,500 kila saa. Pampu ndogo haliwezi tundu hilo. Hata ya galoni 1,100, ukiikata nusu, huachwa nyuma. Ya galoni 1,500 ndiyo inayoanza kulishinda. Kwa hiyo mashua ibebayo watu isipungukiwe na hiyo, au iwe na pampu mbili.

Tatu, pampu kubwa hutaka mpira wa upana wake. Ukiubana kwa mpira mwembamba, umetupa fedha. Mdomo wa kutokea maji uwe juu sana ya usawa wa bahari, hata chombo kikiwa kimejaa, ili maji yasirudi ndani. Waya upitie kwenye fyuzi. Kichujio kisafishwe magamba na nyuzi. Na kabla ya safari, mwaga ndoo ya maji ndani ya ngama uone kama pampu inayatoa.

Pampu haiondoi haja ya kalafati, wala upo na ndoo visiachwe nyumbani, kwani betri ikifa pampu nayo imekufa. Abiria ni amana, na aghalabu ni watoto wetu wenyewe. Tofauti ya bei baina ya pampu ndogo na kubwa isitufanye tuipime amana hiyo kwa shilingi.

Wabillahi tawfiq.