Fundi wa Kisekka si Mkata Waya

Hapa Kampala wasomi wenzangu humwita fundi wa soko la Kisekka mkata waya. Nakataa. Corolla ya mwaka 1980 ilitosheka na kabureta na distribyuta. Injini ya 1NZ-FE hungoja kompyuta ipime petroli na kupanga cheche. Kuihamishia humo ni kufumua fungu zima la waya, kuondoa za mifuko ya hewa, kubakiza za vihisi vya kranki na oksijeni, kutafuta umeme usiokatika stata inapozunguka. Na kompyuta isipoutambua ufunguo, injini haiwaki ng'o! Huo ni uhandisi. Wahadhiri wetu, ni lini mtatutuma tukauandike, kwa Kiswahili, wakati michoro yake ingali vichwani mwa wazee wale?