Hakuna Aliyezaliwa Kiongozi

Nenda kwenye mahafali, kwenye harambee, kwenye mkutano wa kampeni, utaisikia: "Huyu kazaliwa kiongozi." Husemwa juu ya kijana mwenye sauti nzito, juu ya mtoto wa mkubwa aliyerudi juzi kutoka masomoni ng'ambo, juu ya mhubiri anayejaza viwanja. Husemwa kwa nia njema, na ukumbi mzima hupiga makofi. Mimi siipigii makofi kauli hiyo. Ni imani ya uongo, na imetuponza: inatufanya tuwatafute viongozi wasikokuwepo, tuwapite walipo, na tusimlee hata mmoja.

Historia yetu wenyewe inaikanusha. Tuwaangalie watu walioiongoza Tanganyika kwenye uhuru, kizazi tunachokitaja kila tunapotaka mfano wa watu walioandikiwa uongozi tangu tumboni.

Julius Nyerere wengi humwanzia tarehe 7 Julai 1954, siku chama cha TANU kilipozaliwa, kana kwamba alishuka siku hiyo kutoka mbinguni. Lakini alipokuwa mwanafunzi Makerere kuanzia 1943, tayari yeye na Watanganyika wenzake walikuwa na chama chao cha wanafunzi. Aliporudi kufundisha Tabora alijiunga na tawi la chama cha Waafrika wa Tanganyika, TAA, na miongoni mwa kazi za tawi lile ilikuwa kuendesha duka la ushirika lililouza mahitaji ya kila siku. Mwaka 1953 alipochaguliwa rais wa TAA, alishindanishwa na Abdulwahid Sykes, na wajumbe wakapiga kura. Chama chenyewe kilikuwepo tangu 1929. Kwa karibu robo karne, watu ambao majina yao hayamo katika vitabu vya shule walikuwa wakikusanya ada, wakiandika mihutasari na kugombana kwenye vikao. Nyerere alipokelewa na chombo kilichokwisha kuwafunda wengi kabla yake, nacho kikamfunda na yeye.

Bibi Titi Mohamed alikuwa na madarasa machache tu ya shule. Alikuwa na kitu kingine: alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Bomba, Dar es Salaam. Vikundi vya ngoma vya wanawake wa mjini wakati ule vilikuwa na vyeo, michango, sare, zamu, na wajibu wa kufika kwenye harusi na misiba ya wenzao. Vilikuwa na ushindani mkali baina yao, na pia mapatano. TANU ilipohitaji kuwaingiza wanawake mwaka 1955, Bibi Titi hakuanza kwa hotuba. Aliwaendea viongozi wa vikundi vingine vya ngoma, akazungumza nao, nao wakawaita wanachama wao. Mashirika ya wanawake yalikuwepo, yamepangika, yana watu wanaojua kuita na kuitikiwa. Alichokifanya jukwaani baadaye, hata wanaume wakamtambua, alikuwa amekifanyia mazoezi ngomani kwa miaka.

Paul Bomani alianzia kwenye mizani. Wakulima wa pamba wa Usukuma walikuwa na malalamiko yasiyoisha kwamba wanapunjwa wanapopimiwa. Dawa yake ilikuwa wakulima wapate watu wao wa kuhakiki uzito. Kutokana na kazi hiyo, kilo kwa kilo, mwanachama kwa mwanachama, ushirika ulienea hadi ukazaa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria mwaka 1955, lililokuja kuwa kati ya makubwa kabisa barani Afrika. Baada ya nchi kupata uhuru, huyu aliyejifunza hesabu kwa wakulima akawa Waziri wa Fedha. Naye Rashidi Kawawa alitoka kwenye chama cha watumishi Waafrika wa serikali, akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi mwaka 1955, akajadiliana na waajiri juu ya mishahara na mapumziko kabla ya kukaa meza moja na magavana.

Wanne hawa hawakufanana kwa sauti, kwa elimu, kwa dini wala kwa ukoo. Kinachowaunganisha ni kwamba kila mmoja alianza kwa kuongoza watu ambao hakuwa na uwezo wa kuwalazimisha, na ambao wangeweza kumwondoa.

Hapo ndipo uongozi unapotengenezwa. Angalia kikundi cha kuweka na kukopa, vikoba tulivyo navyo kila mtaa. Sanduku lina kufuli tatu. Funguo ziko kwa watu watatu, na sanduku linalala kwa mtu wa nne. Fedha huhesabiwa mbele ya wote. Mwenyekiti hana askari, hana mshahara, hana gari la kumpitisha watu wakimpisha. Ana maneno yake na mwenendo wake. Inambidi amwambie shangazi yake mbele ya wanachama kwamba marejesho yake yamechelewa na faini ni ile ile. Inambidi asikilize tuhuma za mtu anayemchukia na azijibu kwa daftari, si kwa hasira. Inambidi, hesabu ikipungua, aseme imepungua. Mwisho wa mzunguko wanachama wanagawana, na aliyechoshwa naye anachukua chake na kuondoka. Mwanamke aliyekaa miaka mitano kwenye kiti hicho bila kikundi kusambaratika amefuzu mtihani ambao wengi wa wabunge wetu hawajaufanya. Lakini akigombea udiwani tutamuuliza: "Ana mvuto?"

Atasimama mtu aniambie: mbona watoto wawili wa tumbo moja, mmoja huwa mwoga na mwingine huongoza wenzake tangu wakicheza kombolela? Kweli, watu hatulingani. Kuna aliyejaliwa sauti, kuna aliyejaliwa kumbukumbu, kuna asiyetishika. Sikani kipaji. Ninachokana ni kukiita kipaji hicho uongozi. Sauti ileile inayowatia watu moyo ndiyo inayotumiwa na tapeli kuwauzia viwanja hewa. Kutotishika ni sifa ya mkombozi, na ni sifa ya jambazi pia. Kinachomtenga mmoja na mwenzake ni alicholelewa kukiona kuwa aibu na alicholelewa kukiona kuwa wajibu. Hayo mtu hazaliwi nayo. Huwekewa na watu, kidogo kidogo, kwa kusifiwa na kwa kukaripiwa.

Tena ushahidi mkubwa zaidi umo katika yale yaliyotokea viongozi wale wale walipokosa wa kuwakaripia. Mwaka 1972 nchi yetu ilifuta halmashauri za serikali za mitaa. Mwaka 1976 ikafuta vyama vikuu vya ushirika. Mamlaka yakapanda juu, kwa wakubwa walioaminiwa kuwa na uoni kuliko wanakijiji. Hawakuwa wamebadilika damu. Ni walewale waliosifiwa miaka ya 1950. Lakini waliobaki chini hawakuwa na kiti cha kukalia wala kura ya kusema hapana, na makosa yakaenda mbali kabla hayajapata mtu wa kuyazuia. Sheria za kuvirudisha vyombo hivyo zilikuja mwaka 1982, na Nyerere mwenyewe alikuja kukiri kwamba kuvifuta lilikuwa kosa kubwa. Wanaosema uongozi alizaliwa nao watujibu: kipaji kilikwenda wapi miaka hiyo? Kiongozi mwema bila watu wenye uwezo wa kumpinga hupungukiwa wema wake.

Sasa tazama imani hii inavyotuumiza leo. Kwanza, inatufundisha kungoja. Barabara ya kijiji imekatika, zahanati haina dawa, nasi tunasema Mungu atatuletea kiongozi. Pili, inawapa nafasi watoto wa wakubwa, kwa sababu kama uongozi ni wa kuzaliwa, basi uko kwenye damu, na damu ina ukoo. Tatu, inawafungia wanawake mlango. Picha ya "aliyezaliwa kiongozi" iliyomo vichwani mwetu ina kifua kipana na sauti ya kuamrisha, na mama anayeongoza kwa kuuliza na kusikiliza haonekani kabisa. Nne, inawasamehe waovu. Aliyezaliwa kiongozi haitwi kutoa hesabu. Tunamsifu asubuhi na jioni, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Tufanye nini basi? Tuanze na namna ya kuwatambua. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Anayejitangaza sana tumuulize maswali matatu. Swali la kwanza: ni nani aliwahi kukukabidhi fedha zisizo zako, na hesabu yake uliisoma mbele ya nani? Asiye na jibu hajaongoza bado, hata awe na shahada ngapi.

Swali la pili: walio chini yako walipoharibu, ulifanya nini? Ali Hassan Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani miaka ya 1970 wakati watuhumiwa walipokufa mikononi mwa maofisa wa dola huko Shinyanga na Mwanza. Yeye hakumgusa mtu. Alijiuzulu hata hivyo, kwa kuwa wizara ilikuwa yake. Wengi wangedhani amekwisha kisiasa. Mwaka 1985 aliapishwa kuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Sifa ile ya kuubeba mzigo wa wadogo haikuonekana kwenye hotuba, ilionekana siku ya fedheha.

Swali la tatu: ukiondoka leo, ni nani anaweza kuifanya kazi yako? Januari 1962, wiki sita tu baada ya uhuru, Nyerere aliacha uwaziri mkuu, akamwachia Kawawa, akaenda mikoani kukijenga chama. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu alikuwa na Kawawa. Anayejisifu kwamba bila yeye ofisi inasimama anakiri, pasipo kujua, kwamba hajamlea mtu.

Kuwatambua peke yake hakutoshi ikiwa tumefunga mahali wanapolelewa. Na tumefunga. Anza na shule. Katika shule nyingi kiranja huteuliwa na walimu. Kazi yake ya kwanza ni kuandika majina ya wapiga kelele na kuyapeleka ofisini, na wenzake wachapwe. Fikiri mtoto wa miaka kumi na miwili anajifunza nini hapo. Anajifunza kwamba cheo hutoka juu, kwamba wenzake ni watu wa kuchongewa, na kwamba yeye kazi yake ni kumridhisha aliyemteua. Miaka ishirini baadaye tunamkuta mtu huyo akiwa mkuu fulani wa mahali fulani, anawaweka wazee ndani na kuwafokea watumishi mbele ya kamera, nasi tunashangaa ametoka wapi. Ametoka darasa la sita. Tulimlea sisi.

Pili ni mkutano mkuu wa kijiji. Sheria inautaka ukutane kila miezi mitatu, na kila mwenye miaka 18 na zaidi ana haki ya kusimama na kuuliza mapato na matumizi. Hakuna chuo cha uongozi kinachoushinda. Lakini ni vijiji vingapi ambako mapato na matumizi husomwa kweli, na muulizaji asionekane mchochezi? Halafu tunauua na uchaguzi wenyewe. Mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani waliondolewa kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa, vyama vyao vikuu vikajitoa, na chama tawala kikapata zaidi ya asilimia 99 ya viti. Wengine walisherehekea. Mimi naona hasara hata kwa washindi: kijana aliyepita bila kupingwa hakubisha hodi kwenye nyumba moja, hakuulizwa swali moja gumu, hakujifunza kushindwa wala kushinda. Amepewa mhuri, na hajui deni lake ni kwa nani.

Badala yake tumeweka semina. Tunawakusanya vijana hotelini siku mbili, wanaandikiwa ubaoni sifa za kiongozi bora: uadilifu, maono, ujasiri, kujiamini. Wanapewa cheti, posho na picha ya pamoja. Hakuna aliyepata uadilifu kwa kuuandika daftarini. Uadilifu hupatikana kwa kukabidhiwa fedha ya watu huku watu wanakutazama.

Kwa hiyo, mwalimu mkuu, acha darasa lichague viranja wake kwa kura, lipange lenyewe kazi zao, na lipewe haki ya kuwabadilisha katikati ya mwaka wakishindwa. Wape bustani, wape fedha ya mauzo ya mchicha, na wasome hesabu mbele ya paredi. Viongozi wa vyama, mgombea ambaye hajawahi kuongoza kikundi cha watu wa hiari mwambieni akaanze huko. Nawe mpiga kura, hudhuria mkutano wa kijiji au mtaa wako unaofuata, simama, uliza matumizi. Ukiitwa mkorofi, uliza tena mkutano wa baadaye, na umlete jirani.

Watakaoiongoza nchi hii miaka thelathini ijayo wako madarasani sasa hivi, na sisi ndio tunaoamua kama wanajifunza kuwatumikia wenzao au kuwachongea.