Amana ya Abiria na Dhima ya Mwenye Gari

Ajali inapotokea, kidole cha kwanza huelekezwa kwa dereva. Mwenye gari, aliyekuwa akipokea hesabu yake kila jioni, hukaa pembeni kana kwamba hahusiki. Kwa sababu hiyo tumeona vyema kutazama mfano wa England na Wales, ambako usimamizi wa teksi, nje ya London, umo mikononi mwa halmashauri.

Huko, sheria ya mwaka 1976 humfunga mmiliki mwenyewe. Halmashauri yaweza kumtaka alete gari likaguliwe hadi mara 3 kwa mwaka. Likipata ajali iliyoathiri usalama wake, sharti atoe taarifa ndani ya saa 72. Aidha, afisa wa halmashauri au askari polisi aweza kulikagua wakati wowote unaofaa. Asiporidhika, husimamisha leseni ya gari. Na miezi 2 ikipita bila ya kuridhika, leseni hiyo huhesabiwa kuwa imefutwa.

Hata hivyo, sheria haitoshi pale penye hila. Mmiliki wa magari mengi aweza kuyavisha matairi mazuri siku ya ukaguzi, kisha akayavua kesho yake. Dereva aliyekodishwa gari kwa wiki huzijua breki zilizochoka kuliko afisa yeyote, lakini hunyamaza, kwani akilalamika gari hupewa mwingine na jiko lake huzimika. Vilevile, gari lenye leseni ya mji mmoja laweza kubeba abiria mji mwingine, ambako maafisa hawana mamlaka juu yake mpaka halmashauri hizo ziwe zimeidhinishana. Mwongozo wa serikali wa mwaka 2020 umezihimiza zifanye hivyo.

Kwa maoni yetu, ukaguzi wa kushtukiza una faida kuliko ule wa miadi. Gari moja likikutwa bovu, yaitwe yote ya mmiliki huyo. Na dereva anayefichua ubovu alindwe, asipoteze riziki yake kwa kusema kweli.

Watakaosema kuwa matengenezo ni ghali, tunawauliza: je, roho ya abiria ina bei gani?

Nanyi ndugu zetu wenye teksi, bajaji na daladala, msimngojee afisa. Abiria ni amana. Jioni dereva akija, muulizeni kwanza habari za breki, kisha ndipo mpokee hesabu.

Wabillahi Tawfiiq.