Safari ya Muleba iliyonifundisha kusema "Baba, paki pembeni"

Shule zikikaribia kufungwa Desemba, nyumba nyingi huwa na mjadala uleule. Mwaka huu tunakwenda kijijini au hatuendi? Na tukienda, tunapanda basi au tunaondoka na gari letu?

Kwetu mwaka jana mjadala uliisha mapema. Baba watoto alipiga hesabu ya nauli za watu watano, kwenda na kurudi, akaweka kalamu chini. "Tunaondoka na gari," akasema.

Kwao ni Muleba, mkoani Kagera. Kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba mjini ni kama kilomita 1,400, na Muleba iko kabla kidogo tu ya hapo. Ni kuikata nchi yote, unaiacha Bahari ya Hindi mgongoni na kwenda kulikuta Ziwa Victoria.

Safari hii ilikuwa na uzito wake. Kitindamimba wetu ana miaka mitatu na bibi yake alikuwa hajawahi kumbeba. Alimjua kwa picha za simu tu.

Mpango wa mwenzangu ulikuwa huu: tunatoka saa kumi alfajiri, na alfajiri ya kesho yake tunagonga mlango wa bibi. Akawatangazia kaka zake kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Msomaji, ikumbuke ahadi hiyo, maana ndiyo iliyotaka kutuponza.

Usiku wa kuamkia safari

Siku hiyo alifanya kazi mpaka jioni. Kutoka hapo akaenda gereji kubadilisha oili na kukagua breki. Akarudi kufunga mizigo. Alipopanda kitandani ilikuwa imeshapita saa sita usiku, na saa tisa alamu ikalia.

Nikahesabu kimoyomoyo: hakufikisha hata saa tatu za usingizi. Nikataka kusema. Kisha nikaona nitaanzisha ugomvi kabla hata gari halijawashwa, nikanyamaza.

Tulipita Kibaha kukiwa bado giza. Chalinze kukapambazuka, Morogoro tukanywa chai. Kuanzia hapo watoto wakaamka kabisa, na nikaona faida ya kusafiri na gari lenu wenyewe. Mnasimama mnapotaka, hata kama ni kuchimba dawa mara tatu ndani ya saa moja, kama alivyofanya wetu wa kati.

Dirisha likawa darasa. Gairo waliona viazi vimepangwa barabarani kwenye ndoo. Dodoma wakala zabibu na kuuliza kwa nini Dar zinauzwa ghali vile. Mbele zaidi wakaona yale mawe makubwa ya Singida yaliyokaa kama yamepangwa na mtu. Wa kati alikuwa akihesabu malori yenye namba za Rwanda na Burundi. Binti yetu wa miaka tisa akauliza, "Mama, kwa hiyo vitu vyao vinashukia bandari yetu?" Swali hilo darasani lingechukua kipindi kizima.

Singida tukala kuku wa kienyeji. Ilikuwa saa tisa alasiri, jua kali, matumbo yameshiba. Nikamuuliza, "Baba, hujachoka?" Akajibu, "Niko sawa." Nikaridhika na jibu hilo kwa sababu ndilo nililotaka kulisikia.

Tulipomaliza mlima

Wote tuliogopa Sekenke. Ni mteremko wenye kona, na habari za magari yaliyoanguka pale tumezisikia miaka mingi. Mwenzangu aliushuka vizuri sana, gia ndogo, macho mbele, hakuna anayeongea.

Tulipofika chini nikapumua. Tukapita Shelui, tukaingia bonde la Wembere. Pale barabara ni tambarare na imenyooka, na jua la jioni linakupiga usoni kwa sababu unaelekea magharibi. Watoto wawili walikuwa wamelala. Hata mimi kope zilianza kuwa nzito.

Ndipo nikasikia sauti ya binti yetu kutoka nyuma: "Mama, mbona baba amefumba macho?"

Nikageuka. Kichwa kilikuwa kimeinama kidogo, mikono iko kwenye usukani. Gari lilikuwa linahamia kulia taratibu, na mbele yetu lori linakuja.

Nilimpiga bega nikamwita kwa jina lake. Miaka yote tangu tupate watoto sijawahi kumwita jina lake mbele yao. Lori likapiga honi ndefu. Akashtuka, akavuta usukani kushoto, matairi yakaingia kwenye changarawe, tukayumba, tukasimama.

Kitindamimba akaamka analia. Wengine wote tulikuwa kimya.

"Sikulala," akasema baada ya muda. "Nilipepesa tu."

Binti yetu akamjibu kwa sauti ndogo, "Baba, ulilala. Hata kule nyuma ulilala kidogo. Nilidhani watu wakubwa wanajua wanachofanya."

Maneno hayo yalituchoma sote wawili. Yeye kwa kuendesha akiwa amechoka. Mimi kwa sababu nilijua tangu saa tisa usiku, nikanyamaza ili kulinda amani ndani ya gari. Mtoto alijifunza ukimya huo kwangu.

Nani ashike usukani?

Hapa lazima niwe mkweli. Nina leseni, na ni mwaka wa saba sasa. Kila siku naendesha kutoka Mbezi mpaka mjini, katikati ya daladala na bodaboda. Lakini kwenye safari ndefu usukani huwa wa baba. Hakuna aliyetunga sheria hiyo. Yeye hakuwahi kunikatalia na mimi sikuwahi kuomba.

Siku ile nilishuka, nikazunguka, nikafungua mlango wake. Nikasema, "Hamia kule." Akahamia. Kabla hatujafika Igunga alikuwa anakoroma.

Tukachukua vyumba viwili kwenye nyumba ya wageni. Nilitarajia angesema tupumzike saa mbili kisha tuendelee. Badala yake alitoka nje akampigia mama yake mwenyewe. Aliporudi nikamuuliza amesemaje.

"Amesema, 'Mwanangu, huyu mjukuu nimemsubiri miaka mitatu. Usiku mmoja ni nini?'"

Alilala saa tisa mfululizo.

Kesho yake tulipokezana. Yeye mpaka Kahama, mimi mpaka Nyakanazi, yeye tena kupita misitu ya Biharamulo huku akiwasimulia watoto enzi mabasi yalipokuwa yakisindikizwa na polisi wenye bunduki. Kisha migomba ikaanza, na kwa mbali ziwa likaonekana. Wa kati akapiga kelele akidhani tumerudi baharini.

Bibi hakuuliza kwa nini tumechelewa. Alimbeba kitindamimba, akakaa naye kwenye mkeka, akamlisha senene mmoja mmoja. Mtoto akatema wa kwanza, wa pili akameza, wa tatu akaomba mwenyewe.

Jioni mashemeji wakaanza utani wao. "Nyie mmekuja na baiskeli?" Nikamtazama mwenzangu, nikidhani atasingizia pancha. Akasema, "Nilisinzia Wembere. Nilikaribia kuiua familia yangu. Mke wangu ndiye aliyetuokoa."

Kicheko kikakatika. Kisha kaka yake mmoja akasema polepole kwamba na yeye aliwahi kuzinduka gari likiwa limeshaingia kwenye nyasi, peke yake, usiku. Hakuwahi kumwambia mtu, hata mkewe. Mkewe alikuwa amekaa pale pale anasikia.

Tulichokubaliana

Tuliporudi Januari tulikuwa na makubaliano. Nayaandika hapa, huenda yakakufaa.

Kwanza, usingizi ni sehemu ya matayarisho kama oili na matairi. Anayeendesha kesho hafungi mizigo usiku. Mtu aliyekaa macho saa 17 na zaidi uwezo wake wa kuendesha hushuka kama wa mtu aliyekunywa pombe, hata kama hajaonja tone.

Pili, safari ya zaidi ya kilomita 1,000 ni ya siku mbili. Tunalala njiani, na gharama ya chumba inaingia kwenye bajeti tangu mwanzo, pamoja na mafuta.

Tatu, kila baada ya saa mbili tunasimama robo saa, hata kama hakuna aliyechoka. Dereva anashuka na kutembea. Usingizi ukianza kumwinda, dawa si kufungua dirisha wala kuongeza sauti ya redio. Dawa ni kupaki mahali salama na kulala kama dakika 20. Kahawa inasaidia, lakini huchukua karibu nusu saa kufanya kazi, hivyo inywe kabla ya huo usingizi mfupi. Jihadhari zaidi kati ya saa nane na saa kumi alasiri, na kati ya saa nane usiku na alfajiri. Nyakati hizo mwili unadai kulala hata usipotaka.

Nne, aliyekaa kiti cha mbele ana kazi. Halali wakati dereva yuko peke yake macho. Anaangalia dalili: kupiga miayo mfululizo, kupita kibao bila kukumbuka kilichoandikwa, gari kucheza cheza kwenye mstari.

Tano, mtu yeyote ndani ya gari akisema "paki pembeni," dereva anapaki kwanza, maswali baadaye. Hata akisema mtoto. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari linakwenda kama mita 22 kila sekunde. Sekunde nne za kufumba macho ni karibu urefu wa uwanja wa mpira, na hakuna anayeliongoza gari.

Na watoto wote wanakaa nyuma, wamefunga mikanda, mdogo kwenye kiti chake. Kumpakata mapajani si ulinzi. Gari likigonga, mikono ya mama haiwezi kumzuia.

Njia ya kurudi tulilala njiani. Tulipopita Wembere nilikuwa mimi kwenye usukani, asubuhi, hewa ina ubaridi. Binti yetu akaonyesha kwa kidole: "Ni pale." Hakuna kibao pale, wala alama, nyasi tu. Baba yake akageuka nyuma akamwambia, "Asante kwa kusema." Akajibu, "Sawa," akaendelea kuhesabu malori na mdogo wake.

Mzazi mwenzangu, likizo ijayo utakapopanga safari, usiishie kuuliza kama gari liko sawa. Muulize dereva amelala saa ngapi, na akikujibu "niko sawa," usikimbilie kuridhika kama nilivyoridhika mimi. Wanaowasubiri kule wana chakula mezani, na chakula kinapashwa moto.

Tukutane wiki ijayo.