Hasira ya Mgonjwa Nayo Ni Ushahidi

Kila mjadala wa SHA, bima ya afya ya umma nchini Kenya, unapopamba moto, redioni au mkutanoni, hakosi mtu wa kusema: tuweke hisia kando, tuzungumze takwimu. Wengi humpigia makofi. Imekuwa imani kwamba mwenye hasira anapotosha na mwenye tarakimu anasema kweli. Imani hiyo siikubali, na kila siku inawaumiza wagonjwa.

Tazama makato. Tangu Oktoba 1, 2024, mfanyakazi hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Wapinzani walidai kila mtu ameongezewa mzigo. Si kweli. Mwenye mshahara wa Sh20,000 alikuwa akilipa Sh750 enzi za NHIF, bima iliyotangulia SHA. Sasa hulipa Sh550. Aliyeumia ni wa Sh200,000, aliyetoka Sh1,700 hadi Sh5,500. Basi watetezi wakaudaka mfano wa kwanza na kutangaza kwamba maskini kapata nafuu. Hesabu yao ni sahihi, ila wamemchagua maskini mwenye payslip. Mama mboga hana. Yeye huulizwa kuhusu paa la nyumba yake, sakafu, choo na mifugo, akakadiriwa kipato, kisha akadaiwa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Hata kiwango cha chini kabisa, Sh300 kwa mwezi, ni Sh3,600 kwa mpigo, kwa mtu anayekula alichouza leo. Mwaka 2025 serikali yenyewe ilileta Lipa SHA Pole Pole, mkopo wa kumwezesha kulipa kidogo kidogo. Manung'uniko ya sokoni yalikuwa yamekwisha kulisema tatizo hilo.

Mwaka huohuo tuliambiwa waliosajiliwa wamepita milioni 20. Mkaguzi wa habari akiichunguza tarakimu hiyo huenda akaipiga muhuri wa kweli. Lakini kujisajili ni bure: unabonyeza *147#, unaweka nambari ya kitambulisho, umeingia kwenye hesabu. Zahanati itakuhudumia. Ukihitaji kulazwa katika hospitali ya kaunti na hujachangia, karani anaangalia skrini, anatikisa kichwa, na jamaa zako wanatoka nje kuanza kupigia watu simu wakiomba chochote kwa M-Pesa. Watu hao wote wamo ndani ya zile milioni. Wakipandwa na hasira, tuwaambie wanapotosha nini?

Sisemi kila kilio kina ukweli. Wapo wanaoichukia serikali kiasi cha kusambaza video ya mgonjwa aliyetelekezwa bila kuuliza imepigwa wapi na lini. Wapo wanaoililia NHIF kana kwamba ilikuwa neema, ilhali iliondoka ikiziachia hospitali madeni ya mabilioni. Hao wakaguliwe bila huruma. Ila ukaguzi huohuo umfikie na mwenye suti anayesoma tarakimu kwa utulivu, kwa maana utulivu wake haujathibitisha lolote. Mara nyingi ametulia kwa sababu bili yake hulipwa na mwajiri.

Na sisi wasikilizaji tuna kasoro yetu: tunadai ushahidi kwa chama tusichokipenda, chetu tunakisadiki kwa neno tu.

Kwa hiyo msomaji, kiongozi wako akija na idadi ya waliosajiliwa, hata kama ulimpigia kura, muulize: wangapi wamechangia mwaka huu, hospitali zinadai kiasi gani, na mgonjwa aliyelazwa ametoa shilingi ngapi mfukoni mwake? Asipojibu, usimpigie makofi.