Mama, fungua lile kopo la dawa

Mwezi wa Julai, baridi inapoteremka kutoka vilima vya Iveti, watoto wa Machakos huanza kukohoa. Mwaka mmoja jirani yangu alimwona mwanawe wa miaka minne akitokwa na kamasi. Hakwenda zahanati. Alifungua kopo alimoweka vidonge vilivyobaki tangu mwaka uliotangulia. Vilipokwisha, alimtuma kifungua mimba wake kwenye duka la dawa. "Waambie wakupe vile vya rangi mbili, vya shilingi hamsini." Akapewa bila cheti cha daktari.

Majuma matatu baadaye mtoto alishikwa na nimonia. Dawa ya kwanza haikumsaidia. Daktari alisema vijidudu vilikuwa vimeizoea. Ilitakiwa dawa nyingine, ya bei kali, na mama akauza mbuzi wawili. Mtoto alipona, lakini nusura aende.

Msomaji, antibiotiki huua bakteria. Mafua huletwa na virusi, ambavyo dawa hizo haziviwezi kabisa. Kila tunapozimeza bure, bakteria dhaifu hufa, na sugu hubaki na kuzaana. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka wa 1928, alionya juu ya jambo hili alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka wa 1945. Wataalamu wanakadiria kuwa mwaka wa 2019 usugu huu uliwaua watu milioni 1.27 duniani. Kenya nayo ilitoa mpango wa kitaifa wa kuukabili mwaka wa 2017.

Simlaumu mama yule. Duka lipo mlangoni, foleni ya hospitali ni ndefu, na kibarua hakimngoji mtu. Lakini yako yaliyo ndani ya uwezo wetu:

Kwa mafua, mpe mtoto vinywaji vya moto na mapumziko. Akihara, mpe maji ya chumvichumvi na zinki.

Akipumua mbiombio, kifua kikibonyea ndani, au akikataa kunyonya na kula, mkimbize hospitali.

Ukiandikiwa dawa, uliza: "Daktari, ni ya nini? Nitameza siku ngapi?" Kisha fuata ulivyoagizwa. Usimgawie jirani, wala usiweke akiba. Zikibaki, zirudishe hospitali.

Kopo la jirani yangu sasa lina majani ya chai. Je, lako lina nini?